Antivirusi Mjini Lubumbashi: Kinga Iliyofuata Njia ya Flashi

Kompyuta ya mtumba haitoki mikononi mwa fundi wa Lubumbashi ikiwa tupu. Kabla mnunuzi hajaibeba kwenda nayo kwenye mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, fundi ameshaifuta, ameiwekea Windows upya, kisha Office, kisha programu ya kutazamia filamu, na mwisho antivirusi. Hiyo ya mwisho haijadiliwi. Mnunuzi atabishana juu ya betri na ukubwa wa diski, lakini antivirusi huihesabu kuwa sehemu ya mashine yenyewe. Desturi hii haina umri mkubwa, haizidi sana miaka 20, na ukiifuatilia ilikotoka unapata jibu la swali ambalo wauzaji hawawezi kulijibu kwa haki: je, mtu mwenye kompyuta nyumbani anaihitaji kweli antivirusi? Hoja yangu ni kwamba aliihitaji, tena sana, ila kwa sababu tofauti na zile zilizochapwa kwenye boksi la bidhaa. Na sababu hizo kwa sehemu kubwa zimekwisha ondoka, desturi imebaki. Anayetaka kujua kama kinga inahitajika aulize kwanza programu za watu wengine zinaingiaje nyumbani kwake. Lubumbashi ziliingia kwa njia ambayo haikuwa ya Paris wala Chicago, na ndiyo maana ushauri ulioandikwa huko haukuwahi kuufaa mji huu sawasawa.

Njia ya kwanza, kokote duniani, ilikuwa disketi. Mwaka 1982 Rich Skrenta, mvulana wa miaka 15 huko Pennsylvania, aliandika Elk Cloner, programu iliyojinakili kimyakimya kutoka disketi moja ya Apple II hadi nyingine. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliachia Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu za duka lao, kana kwamba ni kadi ya biashara. Miaka hiyohiyo Fred Cohen, mwanafunzi wa udaktari huko California, alithibitisha kwa hesabu jambo ambalo matangazo ya antivirusi hayalitaji hata leo: haiwezekani kuandika programu itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Kilichowezekana ni kuweka orodha ya alama za virusi vilivyokwisha kukamatwa, kama polisi wanavyoweka picha za wezi wanaojulikana, na kuilinganisha na kila faili linaloingia. Thamani ya orodha kama hiyo inategemea upya wake. Msomaji alishike hilo, maana baadaye ndilo litakaloiumiza Lubumbashi. Biashara nayo haikuchelewa: John McAfee alianzisha kampuni yake mwaka 1987, na mwaka 1992 akasema huenda kompyuta hadi milioni 5 zimebeba kirusi cha Michelangelo, kilichopangwa kuharibu data tarehe 6 Machi. Siku ilipofika, zilizoharibika zilihesabiwa kwa maelfu tu. Antivirusi zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa wingi, na wenye biashara hiyo walijifunza kwamba hofu inauzika hata pale ugonjwa ulipo mdogo.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Desemba 1989 disketi elfu 20 hivi zilitumwa kwa posta hadi nchi nyingi, zikiwa na maswali ya kumpimia mtu hatari ya kupata UKIMWI. Baadhi ya waliotumiwa walikuwa washiriki wa mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo. Aliyeziweka kwenye kompyuta yake alizitumia bila tatizo, mpaka mashine ilipokuwa imewashwa mara 90 hivi. Hapo majina ya mafaili yalivurugwa, na kioo kikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta Panama. Aliyeshukiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kuchunguza nyani nchini Kenya na kulitumikia Shirika la Afya Duniani kama mshauri. Alianza kutiliwa mashaka katika uwanja wa ndege wa Amsterdam, akirudi kutoka semina Nairobi. Mahakama ya Uingereza haikumhukumu, kwa kuwa alionekana hana uwezo wa akili wa kusimama kizimbani. Huo ndio utekaji wa kwanza wa mafaili kwa fidia unaojulikana, na hakuna antivirusi iliyouzuia, kwa sababu haukuwa kwenye orodha ya yeyote. Ulipita kwa bahasha iliyoaminiwa.

Lubumbashi ya wakati huo ilikuwa na mambo mengine ya kuogopa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata askari na raia walipora maduka na maghala mijini. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 kufikia 1993, na mwaka 1994 mfumuko wa bei nchini Zaire, Kongo ya leo, ulipita asilimia 9,000. Katika hali hiyo kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi: kampuni ya migodi, benki, chuo kikuu, misheni. Familia ambayo mshahara wa baba ulicheleweshwa miezi mingi haikuwa na haja ya kujiuliza habari za Michelangelo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wakati nyumba za Ulaya zilijifunza polepole, kwa miaka 15, nini maana ya kuazimana disketi, nyumba za Lubumbashi ziliruka darasa hilo zima. Kompyuta ilipozifikia, ilifika pamoja na virusi vyake, na pamoja na jibu lililotengenezwa mahali pengine.

Ilifika baada ya 2002. Mwaka huo nchi ilipata sheria mpya ya migodi, makampuni ya kigeni yakarudi kwenye ukanda wa shaba, na Vodacom ikaanza kuuza laini za simu kushindana na Celtel. Mashine zilizochoka katika ofisi za Ulaya, za Dubai na za Afrika Kusini zilianza kuingia mjini, nyingi zikipita mpaka wa Kasumbalesa kama mahindi na saruji. Kilichokosekana ni intaneti ya kweli. Nchi nzima ilitegemea setilaiti, kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuimudu, na waya wa kwanza wa chini ya bahari, WACS, haukuunganishwa mpaka 2013, tena Muanda, kwenye Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Mtu alikwenda siberi, akalipia dakika zake, akasoma barua pepe na kuondoka. Kompyuta ya nyumbani haikuunganishwa na chochote. Kwa hiyo majina yaliyotikisa dunia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama ILOVEYOU ya Mei 2000 iliyopita kwa barua pepe, au Blaster ya Agosti 2003 iliyoingia yenyewe kwenye mashine za Windows zilizounganishwa, yaliipita kando nyumba ya mtaa wa Kampemba. Anayetazama kipindi hicho kwa haraka angesema nyumba isiyo na intaneti ilikuwa salama. Ilikuwa kinyume chake.

Flashi ndiyo iliyokuwa intaneti ya mji. Muziki ulipita kwa flashi, filamu zilipita kwa flashi, picha za harusi zilipita kwa flashi, na zaidi ya vyote maandishi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anayeandika kazi yake ya kumaliza mzunguko wa kwanza, ile TFC inayonyima usingizi vijana wa kampasi ya Kasapa kila mwaka, hakuwa na printa. Alibeba kazi yake kwenye flashi hadi sekretaria, kibanda chenye kompyuta mbili, fotokopi na foleni, akachapisha kurasa chache, akarudi kwa mwalimu, akasahihisha, akaenda sekretaria nyingine ambayo siku hiyo ilikuwa na umeme. Mashine ya sekretaria ilipokea flashi za mtaa mzima kwa siku moja. Na Windows XP, mfumo uliokuwa kwenye karibu kila mashine, ulikuwa na tabia iliyoundwa kwa wema: ulisoma kwenye flashi faili dogo linaloitwa autorun.inf, na mtu alipobofya alama ya flashi hiyo, programu iliyotajwa humo ikaendeshwa bila yeye kujua. Virusi vya miaka hiyo viliishi juu ya tabia hiyo. Viliyaficha mafolda ya mwenyewe na kuacha mahali pake mafaili yenye sura ya folda. Aliyebofya akidhani anafungua TFC yake alikuwa anakifungulia kirusi. Conficker, kilichoanza Novemba 2008 kwa kupita kwenye mitandao, kilikuwa kimejifunza kupanda flashi kufikia mwisho wa Desemba, na Januari iliyofuata kilikuwa ndani ya kompyuta za jeshi la wanamaji la Ufaransa. Kama jeshi lenye mafundi wake lilishindwa kuchunga flashi, sekretaria ya mtaa wa Kenya ingeweza nini?

Hapo ndipo antivirusi ilipopata kazi halali nyumbani. Tatizo ni kwamba ilipewa kazi mbili, yake na ya mwingine. Conficker kilitumia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tarehe 23 Oktoba 2008, kabla kirusi chenyewe hakijaonekana. Mashine iliyopokea kiraka hicho kwa wakati ilikuwa imezibwa tundu hilo. Lakini Windows ya Lubumbashi kwa kawaida haikununuliwa, ilinakiliwa. Tangu 2006 Microsoft ilikuwa ikituma pamoja na masasisho kipimo cha kutambua nakala zisizo halali, na mwaka 2008 kipimo hicho kikaanza kugeuza kioo kuwa cheusi. Viraka vya usalama vyenyewe viliruhusiwa hata kwa nakala hizo, ila fundi hakuwa na sababu ya kucheza kamari: alizima masasisho yote, na mteja aliyelipia data kwa megabaiti alimshukuru. Kuanzia siku hiyo mashine ilibaki na matundu yake yote, na antivirusi ikaambiwa isimame mbele ya kila moja. Hata ile ya bure ambayo Microsoft ilitoa Septemba 2009, Security Essentials, ilidai Windows halali. Ikabaki Avast, Avira na AVG, za bure, au Kaspersky na NOD32 zilizofunguliwa kwa namba za kuazima, ambazo kampuni ilizigundua na kuzizima baada ya wiki kadhaa, kisha fundi akaitwa tena. Sitamlaumu fundi. Aliishi kwa kuitwa tena.

Je, kinga hiyo ilifanya kazi? Kwa kiasi, na kiasi hicho kilipungua kila siku. Nimesema orodha ya wezi ina thamani ikiwa mpya. Kompyuta isiyo na intaneti ilikuwa na orodha ya siku ile ilipotoka kwa fundi. Kampuni zilitoa mafaili ya kusasishia bila intaneti. Fundi aliyapakua siberi na kuyabeba nyumba hadi nyumba, kwa flashi, yaani dawa ilipanda gari moja na ugonjwa. Aliyekuwa na Avast alikuwa amezoea sauti ya Kifaransa ikimtangazia kwamba hazina ya virusi imesasishwa. Katika nyumba nyingi sauti hiyo ilinyamaza kwa miezi, na mwenye mashine akaendelea kuiona alama ya rangi pembeni mwa kioo na kulala kwa amani. Ushahidi mzito zaidi ulikuja kutoka nje ya antivirusi kabisa. Februari 2011 Microsoft ilituma kwa XP na Vista sasisho dogo la kuizima autorun kwenye flashi. Ndani ya miezi michache iliripoti kwamba maambukizi ya virusi vya aina hiyo kwenye XP yamepungua kwa zaidi ya nusu, na kwenye Vista zaidi. Miaka kadhaa ya antivirusi, zenye mamilioni ya watumiaji, haikuwa imefanya hivyo. Badiliko la tabia moja ya mfumo lilifanya. Na nyumba zilizozima masasisho hazikulipata.

Tangu hapo mambo yamegeuka kwa namna ambayo desturi ya mafundi haijaifuata. Windows 8, Oktoba 2012, ilikuja na antivirusi yake ndani, Defender, na kila Windows iliyofuata inayo, bila kununua, bila namba ya kuazima. Wapo watakaosema kwamba kitu cha bure kilichofungashwa na mashine hakiwezi kuwa na nguvu ya kitu cha kununuliwa. Zamani walisema kweli. Mwishoni mwa 2012 maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, iliinyima cheti Security Essentials, na mwaka uliofuata bidhaa za Microsoft zilikuwa mkiani mwa majedwali. Kufikia 2019 maabara hiyohiyo iliipa Defender alama zote 18. Anayerudia leo maneno ya 2012 anamweleza mteja historia, hamwelezi hali ya leo. Wenye biashara wenyewe walikuwa wameshaona: Mei 2014 Brian Dye, mkuu mmoja wa Symantec, waliotengeneza Norton, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba antivirusi imekufa, na kwamba inakamata asilimia 45 tu ya mashambulizi. Mwaka 2015 watafiti wa Google waliwauliza wataalamu wa usalama na watu wa kawaida wanafanya nini kwanza kujilinda. Kati ya watu wa kawaida, asilimia 42 walitaja antivirusi na 2 tu wakataja kusasisha programu. Kati ya wataalamu, 35 walitaja kusasisha na 7 antivirusi. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilifunga kompyuta duniani kote kwa kutumia tundu lililozibwa tangu Machi, na waathirika wake karibu wote walikuwa na Windows 7 isiyosasishwa. Jedwali la Google lilikuwa limeeleza mapema nani angeumia.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la flashi yenyewe. Mtu wa Lubumbashi atasema: hayo ni ya nchi zenye intaneti nyumbani, sisi bado tunabeba flashi kwenda sekretaria. Ana haki, na mwaka 2023 alipata shahidi asiyemtarajia. Kampuni ya Mandiant ilieleza kwamba wapelelezi wanaohusishwa na China walikuwa wameingia katika mashirika 29 kwa kutumia flashi zilizobeba Sogu, programu ya muongo mzima nyuma, na kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ilianzia kwa wafanyakazi wa mashirika hayo barani Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, mara nyingi kwenye kompyuta za pamoja za vibanda vya kuchapishia na siberi. Njia ya zamani haijafungwa, basi. Lakini tazama kilicho safarini: programu ya zamani, inayojulikana, ambayo Defender iliyosasishwa imo kazini kuitafuta bila malipo. Pingamizi hili linathibitisha kwamba kompyuta inahitaji antivirusi. Halithibitishi kwamba mwenye kompyuta anahitaji kuinunua, wala kwamba aitafute nyingine juu ya ile aliyonayo. Na kama jambo lenyewe ni kuchapisha kurasa za TFC, faili la PDF lililotumwa kwa WhatsApp hadi sekretaria halirudi nyumbani na kitu kingine.

Pingamizi la pili ni la data na mtandao: kusasisha kunakula vifurushi, na mtandao wa Kongo haukuwa wa kutegemewa. Serikali iliukata Januari 2015, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa takriban wiki 3. Ni kweli, ila pingamizi hilo linaiangukia antivirusi ya kununua kwa uzito uleule. Nayo hula data kila siku kwa ajili ya orodha yake, na katika wiki zile 3 ilikuwa kipofu sawa na ile ya bure. Kama vifurushi ni vichache na lazima mtu achague, viraka vya Windows na vya kivinjari ndivyo vya kutangulizwa, kwa sababu kiraka kikiingia kimeingia, ilhali orodha huanza kuzeeka siku inapowasili. Wapo pia wanaosema kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja, na kwamba antivirusi ya bure ya ziada haidhuru. Hudhuru. Hula nguvu ya mashine ya mtumba, na ili kufanya kazi yake hupewa ruhusa ya kuona kila kitu. Avast, rafiki wa nyumba nyingi za Lubumbashi, iligunduliwa mwaka 2020 ikiuza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5. Mlinzi aliuza orodha ya wageni wa mwenye nyumba.

Njia kuu ya virusi leo ni nyingine, na antivirusi yoyote hufika mlangoni pake imefungwa mikono. Ni kraki: programu ndogo ya kuifungua Windows, Office au AutoCAD bila kulipa. Maelekezo yake huanza karibu kila mara kwa sentensi moja, zima antivirusi kwanza, na mtu hutii, kwa sababu amesikia kwamba antivirusi huchukia kraki zote, nzuri na mbaya. Waandishi wa STOP, programu ya kuteka mafaili iliyoanza kuenea 2018, walijenga biashara yao juu ya utii huo. Hawakulenga mabenki; walilenga nyumba, wanafunzi, ofisi za mtu mmoja. Walidai dola 980, au nusu yake kwa atakayelipa ndani ya siku 3. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure cha kuyafungua baadhi ya mafaili. Matoleo ya baadaye mengi hayafunguki. Kwa mtu wa Lubumbashi anayeweka hesabu za duka lake au michoro ya kandarasi ya mgodi kwenye kompyuta moja ya nyumbani, hasara hiyo haina bima. Antivirusi ghali kuliko zote ingezimwa kwa mkono uleule. Kinachomwokoa ni nakala ya pili ya kazi yake kwenye diski ya nje, iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Pesa zenyewe zimehama pia. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, fedha za familia ziko kwenye simu, na anayezitaka hapeleki kirusi. Hupiga simu, akajifanya wakala au ndugu aliyekwama Likasi, akaomba namba ya siri. Hakuna orodha ya alama itakayomtambua. Wakongomani wana kumbukumbu ya karibu ya kulipia kinga ambayo hawakuona ilichokinga: kuanzia 2020 wenye simu walikatwa fedha kwa ajili ya RAM, daftari la vifaa vya simu, wakiambiwa litawalinda dhidi ya simu za wizi na za bandia, mpaka lawama zilipoiondoa mwaka 2022. Walioipinga waliuliza swali rahisi, kwamba fedha hii inanizuilia nini hasa, na swali hilo linaifaa leseni ya antivirusi pia.

Jibu langu, basi, ni hili. Mwenye Windows inayopokea masasisho anayo antivirusi ya kumtosha, na makumi ya dola ya leseni ya mwaka yatamfaa zaidi yakinunua diski ya nje. Sekretaria, ambayo hupokea flashi za watu wote, ina haki ya kulipia zaidi, na ingefanya vema kuiweka mashine yake ya kupokelea kwenye Linux, ambako virusi vya Windows haviendeshiki. Anayebaki hatarini ni mwenye mashine iliyoachwa na mtengenezaji: Windows 7 haipati viraka tangu Januari 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa mwaka mmoja. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa mjini haziwezi kubeba Windows 11. Ukiinunua moja, mwambie fundi akuwekee Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure na husasishwa; akisisitiza kwamba Windows ya zamani na antivirusi ya kulipia vinatosha, tafuta fundi mwingine.